Mafanikio ya wanafunzi na wahitimu wa kompyuta yaandikwe vipi?

Mhadhiri wa Dodoma:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Idara yetu ya sayansi ya kompyuta imenikabidhi jukumu la kuandaa kumbukumbu ya mafanikio ya wanafunzi na wahitimu wetu, na rasimu niliyoikuta mezani ni orodha ya tuzo: jina, mwaka, kiasi cha fedha, basi. Kijana wa kidato cha sita akiisoma hatajua aliyetuzwa alitengeneza nini wala kilimfaa nani. Wenzangu wamependekeza tujifunze kutoka Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho kazi zake za kompyuta zimesikika sana katika ukanda wetu. Kwa mnaozifahamu kazi hizo, je, tuzo zibaki kuwa kipimo kikuu, au tutafute kingine?

Mtunzi wa Programu, Mwanza:
Mwalimu, tuzo zisiondolewe, kwa kuwa humpa kijana imani kwamba aliyekalia dawati kama lake amefika mbali. Brian Gitta, aliyesomea kompyuta Makerere, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, mwezi Juni 2018 jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 24, akawa Mganda wa kwanza kuipata na mshindi mdogo kuliko wote waliomtangulia. Hata hivyo, ukiandika pauni 25,000 za tuzo hiyo na kuishia hapo, umeacha kiini chenyewe. Kifaa alichokitengeneza na wenzake, walichokiita Matibabu, hubanwa kwenye kidole cha mgonjwa na kupitisha mwanga mwekundu ili kutambua mabadiliko ambayo malaria huyaleta katika chembe nyekundu za damu, kisha majibu yakasomwa kwenye simu, na hakuna mtu anayechomwa sindano. Wazo lilianzia kwa Gitta mwenyewe, aliyeugua malaria huku vipimo vya damu vikishindwa kuigundua. Ningeandika pia, waziwazi, kwamba wakati wa tuzo kifaa kilikuwa bado kinafanyiwa majaribio, maana tuzo ya ubunifu si idhini ya kukitumia kupimia wagonjwa, na msomaji ana haki ya kujua tofauti hiyo.

Afisa Ugani, Pwani:
Naafikiana na ndugu yangu wa Mwanza kuhusu uwazi, ila sikubali kwamba tuzo itangulie. Kazi ya Makerere ninayoithamini kuliko zote haina kikombe. Maabara yao ya akili bandia ilishirikiana na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda iliyoko Namulonge kuandaa picha 21,367 za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe mashambani mwao. Wataalamu wakazipanga moja moja: huu ni ugonjwa wa batobato, huu ni michirizi ya kahawia, huu ni wa bakteria, hili limeshambuliwa na utitiri wa kijani, hili ni zima. Mwaka 2020 picha hizo ziliwekwa wazi kwenye shindano la Kaggle, jukwaa la mtandaoni la mashindano ya uchambuzi wa data, ili mtu yeyote duniani aitumie hazina hiyo kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa.

Anayeishi na wakulima ataelewa kwa nini nasisitiza. Michirizi ya kahawia inaweza kuliacha shamba likiwa na majani ya kuridhisha, na mkulima akaja kugundua siku ya kung'oa kwamba mizizi imeoza kwa ndani, wakati ambapo alikwisha kumgawia jirani vipande vya shina kwa ajili ya mbegu. Simu inayoweza kumtahadharisha mapema ni mafanikio makubwa, na katika kumbukumbu zenu wakulima waliopiga picha na wataalamu waliozipanga watajwe pamoja na wanafunzi walioandika programu.

Mhitimu wa Kampala:
Ningeongeza kipimo kingine: kama kazi yenyewe imedumu. Mradi wa AirQo ulianza Makerere mwaka 2015 kupima uchafuzi wa hewa, ukiongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo), ambaye naye alisoma hapo hapo kabla ya kwenda Ubelgiji kwa shahada ya uzamivu na kurejea kufundisha. Vifaa vyao vimeundwa kustahimili vumbi, joto na umeme usiotabirika, na vingine hufungwa kwenye bodaboda ili vipime hewa barabarani ambako watu ndiko waliko. Dola milioni 1.3 za Google.org, kitengo cha hisani cha kampuni ya Google, zilikuja mwaka 2019, baada ya miaka kadhaa ya kazi. Leo vifaa hivyo vimefika Nairobi, Bujumbura na Accra. Mhitimu anayerudi na kuwapa wadogo zake kazi ya kweli ya kuendeleza amekiinua chuo kuliko mradi wa mwaka wa mwisho unaofungiwa kabatini siku ya mahafali.

Mhadhiri wa Dodoma:
Nawashukuru kwa dhati. Nitapendekeza kwamba kila habari ianze na tatizo lililokusudiwa, ifuatiwe na jinsi kifaa au programu inavyofanya kazi, waliokijaribu, na hali yake kwa sasa, kisha tuzo itajwe kama ipo. Majina yatakuwa ya timu nzima pamoja na washirika wa nje. Linalonitatiza ni miradi mizuri iliyosimama kwa kukosa fedha.

Afisa Ugani, Pwani:
Iandikeni nayo, mwalimu, pamoja na sababu ya kusimama na mahali ambapo michoro na programu zake zimehifadhiwa, ili mwanafunzi wa mwakani akitaka kuiendeleza ajue pa kuanzia.