Naomba ushauri: chuo kizuri cha udereva Bangkok kwa anayeanza kabisa

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Bangkok, nafundisha Kiingereza huku, na kibali cha kazi ninacho. Sijawahi kushika usukani maishani, hata nyumbani Tanga nilikuwa abiria tu. Afadhali Thailand nako magari yanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo macho yameshazoea.

Mtihani wa nadharia haunitishi: maswali 50, unatakiwa upate 45, na unaweza kuufanya kwa Kiingereza. Kinachonikwamisha ni vitendo, hasa kurudi nyuma na kupaki katikati ya nguzo. Nilijiunga na chuo kimoja karibu na ninapokaa, nikaenda siku tatu. Mwalimu anajua Kithai peke yake, tukawa tunaelewana kwa ishara za mikono, na hatukutoka nje ya uwanja wao hata mara moja. Naogopa kupata leseni halafu nishindwe kuingia barabarani, maana pikipiki hapa zinakupita kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Unaweza kuua mtu hivi hivi.

Mliopitia hili naomba mnisaidie. Kuna chuo chenye mwalimu anayezungumza Kiingereza, na anayempeleka mwanafunzi barabara kubwa kabla ya mtihani? Na je, nijifunzie gari ya otomatiki tu, au nianze na ya gia za mkono ili nikirudi nyumbani nisihangaike? Natanguliza shukrani.