Myahudi na gari siku ya Sabato: mbona majibu yanapishana?

Gungu_Kigoma: Wakuu, nafundisha Kutoka 35:3, katazo la kuwasha moto siku ya Sabato. Kitabu kimoja kinasema Myahudi hapandi gari kwenda sinagogi, kingine kinasema ruksa. Torati si ni ileile?

Ujiji_Mjini: Uliza kwanza ni Myahudi wa kundi gani. Kwa Waorthodoksi, Torati ya maandishi na ya mdomo zote zilitoka Sinai. Mishna, mkusanyo wa Torati hiyo ya mdomo, inataja aina 39 za kazi zilizokatazwa, kuwasha moto ikiwemo, na injini huchoma mafuta muda wote inapotembea. Ndiyo maana hupanga nyumba karibu na sinagogi, waende kwa miguu. Mgonjwa mahututi hukumu yake nyingine: kuokoa uhai kunaitangulia Sabato, anawahishwa hospitali kwa gari. Waislamu wenzangu, halakha, yaani sheria ya dini ya Kiyahudi, ichukulieni kama fiqhi, na jibu la rabi kama fatwa.

Isevya_Tabora: Naongezea kundi la pili, Conservative, nje ya Marekani huitwa Masorti. Hawa husingiziwa kwamba wameiacha sheria. Si kweli! Kwao halakha inafunga, ila wanaamini imekuwa ikikua kadiri ya nyakati. Mwaka 1950 kamati yao ya sheria Marekani iliruhusu aliyehamia mbali na sinagogi aendeshe gari kwenda ibadani, kwa hofu kwamba vinginevyo angeacha kusali na wenzake. Ibadani tu, sokoni hapana. Masorti wa Israeli waliikataa fatwa hiyo.

Utaratibu wa sasa wa kamati ndio unaochanganya watu: wapiga kura 25, na kura 6 zinatosha rai kukubalika. Basi rai mbili zinazopingana zaweza kupita zote, na rabi wa mahali akachagua.

Kundi la tatu, Reform, ni tofauti kabisa. Tamko la Pittsburgh la 1885 lilibakiza amri za maadili, likaziacha sheria za vyakula. La 1999, mji uleule, likahimiza kujifunza amri zote. Muumini ndiye anaamua ashike zipi.

Jirani zetu Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, wengi wamo Conservative, wengine Orthodoksi.

Gungu_Kigoma: Asanteni sana. Na Ijumaa usiku, imo kwenye Sabato?

Ujiji_Mjini: Imo, mkuu. Sabato huingia Ijumaa jua linapozama, hutoka Jumamosi zikionekana nyota tatu.