Kodi ya lupango (kiwanja cha nyumba) Lubumbashi, Kongo: Golf na Katuba walipe kiwango kimoja?

Anayefungua mjadala, Kampemba

Kila mwanzo wa mwaka karatasi za kodi ya ardhi na majengo zikianza kuzunguka, maneno ni yale yale. Mwenye nyumba wa Golf, kartie (mtaa) ya wenye pesa, analalamika kwamba analipa sana, na bado barabara mbele ya geti lake imejaa mashimo. Mwenye lupango wa Katuba anajibu kwamba kwenye karatasi yeye halipi nyingi, lakini maji ananunua kwa bidoni (dumu) na usiku anakaa gizani. Sasa kuna wanaodai kiwango kiwe kimoja kwa mji mzima, toka Golf mpaka Ruashi. Mimi napinga. Viwango vitofautiane, ila tofauti hiyo ifuate kitu ambacho mtu akisimama barabarani anakiona kwa macho yake.

Tushike kwanza kanuni yenyewe, maana wengi tunabishana bila kuijua. Msingi wake ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969, ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Inapanga maeneo kwa daraja, la kwanza hadi la nne. Vila inahesabiwa kwa mita ya mraba. Nyumba nyingine zinatozwa kiasi kimoja kilichopangwa, na daraja likishuka, pesa inashuka. Katiba ya 2006, kifungu cha 204, iliiacha kodi hii mikononi mwa mikoa, pamoja na ile ya pesa za kupangisha. Kwetu, tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, anayeshika mfuko ni mkoa wa Haut-Katanga.

Angalieni: bei ya nyumba haimo kwenye hesabu. Ni mita na daraja. Tuseme vila mbili za mita 200 ziko avenyu moja. Moja ni ya urithi, bati limeoza, watoto wanagombania. Nyingine imejengwa juzi, ina vigae na foraji (kisima cha kuchimba), inapangishwa kwa dola. Kodi ya ardhi na majengo itakuwa ile ile kwa zote mbili.

Halafu daraja linapewa eneo zima, na maeneo ya mji huu yana historia yake. Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910, na haikuchukua muda mji wa Wazungu na cité (makazi) ya Waafrika vikatenganishwa kwa ukanda mtupu katikati. Kamalondo, wakati huo ikiitwa Albert, ilikuwa upande wa pili wa ukanda huo. Katuba na Ruashi zilikuja miaka ya 1950. Bomba, mtaro na lami vilianza upande mmoja, na mpaka leo mvua ya mwezi wa kwanza ikipiga unajua uko upande gani. Lakini mji haukubaki pale. Huko Annexe, pembezoni mwa mji, mahali wazee wetu walilima mihindi, leo kuna nyumba za gorofa. Kama daraja limebaki la wakati wa mihindi, mwenye gorofa analipa kama mkulima, na mjane wa kartie ya Makomeno ambaye bomba lake limekauka analipa kama mtu wa mjini.

Kwa hiyo nasema: daraja lipimwe upya, avenyu kwa avenyu. Kuna lami? Maji yanatoka? Umeme unakaa? Mtaro unapitisha maji? Palipo na vyote, walipe zaidi. Pasipo na kitu, washushiwe, hata kama jina la kartie ni kubwa.

Mama mwenye lupango, Katuba

Ndugu, nimekusoma mpaka mwisho. Unazungumza kama vile sisi wa Katuba tunalilia kushushiwa. Mimi nalilia kuambiwa ukweli. Sheria hiyo hiyo unayoitaja ina msamaha kwa nyumba ambayo mjane anaishi mwenyewe, na kwa mwenye zaidi ya miaka 55, kwa masharti, na lazima mtu ajaze karatasi ya kutangaza mali yake. Mimi ni mjane. Nimelipa miaka sita, na hakuna hata mmoja kati ya waliokuja mlangoni aliyenitajia msamaha huo. Niliusikia kanisani.

Na jambo lingine. Wengi huku hatuna sertifika ya ardhi, tuna fishi ya lupango tu, yaani karatasi ya kiwanja. Risiti ya kodi ndiyo tunayofunga kwenye plastiki na kuweka chini ya godoro, kwa sababu siku shemeji akija na maneno ya urithi, hiyo ndiyo karatasi ninayotoa. Mkiniambia eneo langu halina lami kwa hiyo nisilipe kitu, mmeninyang'anya ushahidi. Nipeni kiwango kidogo, lakini kiwepo, na risiti iandikwe jina langu, si la marehemu.

Mwenye nyumba ya kupangisha, Bel-Air

Hiyo nyumba ya vigae unayoitolea mfano, ndugu, usisahau kwamba tayari inalipa kodi ya mapato ya kupangisha. Mpangaji anakata sehemu kubwa ya hiyo kodi kabla ya kunipa pesa, anapeleka mwenyewe. Ukiniongezea na daraja la juu kwa sababu nimechimba foraji kwa pesa yangu, unaniadhibu kwa kuziba pengo ambalo serikali ndiyo iliyoliacha. Na nikiongezewa, sitakuficha, mpangaji ndiye atakayelipa.

Anayefungua mjadala, Kampemba

Mama, umenisahihisha, na nakubali. Nilikuwa nawaza pesa tu. Sikufikiri risiti ni kinga ya mtu. Basi pale pa chini kabisa kiwango kiwepo, hata kama ni cha kununua chumvi, na fomu ya msamaha itolewe mlangoni pamoja na karatasi ya kodi, siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili.

Ndugu wa Bel-Air, kuhusu foraji uko sawa. Maji uliyojichimbia yasihesabiwe kama maji ya serikali. Ninachotaka kipimwe ni bomba la mtaani. Ila kwa mpangaji sikufuati. Wapangaji wa hapa wanatoa garanti (amana) ya miezi kadhaa kabla hata ya kupewa funguo, na bei mnapandisha kodi ipande isipande.

Wa Ruashi na wa komini yetu ya Kenya bado hamjasema. Chukueni karatasi zenu za mwaka huu, mtuandikie zimeweka daraja gani, na bomba la avenyu yenu linatoa maji siku ngapi kwa juma.