MJADALA: Mashine ya kubadilishia betri iwekwe gatini Amu (Lamu), au haina haja?

Nahodha_Shela
Asalaam aleikum nduzangu. Gatini siku hizi mazungumzo ni haya tu: kuna mwekezaji anataka kuweka kabati la mashine linalobadilisha betri. Unatia betri yako iliyokwisha kwenye tundu, iwe ya simu au pawabenki, mashine inaimeza, inaipima, halafu inakutolea nyingine iliyojaa. Unalipa kwa M-Pesa, unaondoka. Kwa sisi wa baharini hili si jambo dogo. Ramani iko kwenye simu, hali ya hewa iko kwenye simu, na ukikwama nje ya Kiwayu msaada unauita kwa simu hiyo hiyo. Ikizima, huna njia. Mimi naunga mkono. Semeni nanyi, iwekwe au isiwekwe? Na tafadhalini tusitoke nje ya swali.

Kijana_Mkunguni
Iwekwe hata leo. Tumechoka kuchajisha simu kwa shilingi ishirini, unaiacha dukani tangu asubuhi, ukirudi imejaa nusu kwa sababu mtu kaichomoa akaweka yake. Na mafundi wetu ndio basi tena, kila betri wanayotuuzia ni feki, haimalizi msimu ishavimba kama andazi. Mashine haina undugu na mtu.

BintiAmu
Wa aleikum salaam, Nahodha. Kabla ya ndiyo au la, naomba kujua: betri ipi? Simu nyingi tulizo nazo mikononi betri yake haitoki. iPhone imefungwa tangu ilipotoka mwaka 2007, na Samsung wakafunga Galaxy S6 mwaka 2015, wengine wakafuata. Kifuniko kimegandishwa kwa gundi na betri yenyewe imegandishwa ndani. Mashine ya kuingiza na kutoa itafanya kazi kwa kabambe (simu za vibonyezo), kwa redio ndogo, na kwa pawabenki basi. Sasa tunajadili mashine ya simu au mashine ya pawabenki?

FundiWaLangoni
Wewe Kijana_Mkunguni, hebu taja fundi aliyekuuzia feki. Ukisema "mafundi wetu" unanisema mimi, unamsema marehemu mwalimu wangu, na unamsema kila aliyekesha kukufungulia simu iliyoingia maji ya bahari usiku wa kuamkia Idi. Mimi betri ikija dukani naipima kwa mizani ya sonara kabla sijailipia. Betri iliyoandikwa mAh 5000, yaani kipimo cha umeme inaobeba, ina uzito wake. Ukiiweka juu ya mizani ikawa nyepesi kuliko ile ya zamani yenye mAh 3000, basi karatasi ya juu inasema uongo, na mimi siichukui. Wewe unapima nini? Wewe unauliza bei tu.

Kijana_Mkunguni
Sikutaja jina la mtu. Aliyewashwa ajikune.

FundiWaLangoni
Umetaja kazi, na kazi ndiyo jina langu. Wateja unaowauliza "betri ya elfu moja iko?" ndio wanaoleta feki mjini. Fundi akiweka ya elfu mbili na mia tano hamuinunui, mnakwenda duka la pili. Halafu ikivimba mwarudi kwa fundi.

Mama_Kizingitini
Hapo kwa bei fundi kasema kweli. Lakini na nyinyi mafundi mna maneno mengi. Simu ya mwanangu ilikaa kwa fundi mmoja hadi nikasahau rangi yake.

Mwanafunzi_Mombasa
Tumetoka nje. Mambo haya ya kubadilishana betri si mageni. Taiwan wana kampuni ya Gogoro, tangu 2015, pikipiki zake za umeme zote zinatumia betri ya umbo moja, unachomeka iliyokwisha kwenye kabati unachukua iliyojaa. Nairobi na Kigali bodaboda za umeme wanafanya hivyo hivyo vituoni. Na Ulaya wamepitisha sheria, kuanzia 2026 au 2027 simu lazima betri itoke. Kwa hiyo mashine hii itafaa tu, ni suala la wakati.

BintiAmu
Ni tarehe 18 Februari 2027. Sheria yenyewe ni ya 2023, na inasema betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mwenye kifaa kwa zana za kawaida zinazopatikana madukani. Zana, ndugu yangu. Bisibisi. Haisemi betri zote ziwe na umbo moja, na hapo ndipo penye tatizo la mashine. Gogoro imefaulu kwa sababu pikipiki zimekubaliana betri moja. Simu hazijakubaliana. Chaja wamelazimishwa kukubaliana, tangu mwisho wa 2024 Ulaya simu mpya zote ni tundu la USB-C. Betri bado. Kila toleo lina urefu wake, unene wake na waya wake. Mashine itaweka akiba ya aina ngapi hapo gatini?

Mzee_wa_Mkomani
Wanangu, mimi nauliza jambo jingine. Hizi mashine zikija, atakayeajiriwa ni nani? Tumeona bandari, tumeona ujenzi. Watu wa ng'ambo wanakuja na mikataba yao, watoto wa Amu wanabeba mizigo.

Mokowe_Kwetu
Samahani Mzee, "ng'ambo" ni wapi? Mimi ni wa Mokowe, huku bara. Kila gunia la unga mnalokula, kila mtalii anayekuja kwa basi na kila katoni ya hizo betri feki inateremshwa kwetu kwanza ndipo inavuka. Tuko kaunti moja. Kuna siku mtatuita wageni kwenye kitambulisho chetu wenyewe.

Mzee_wa_Mkomani
Mwanangu, sikukusudia Mokowe. Nimekusudia wanaotoka mbali.

Mokowe_Kwetu
Ndivyo msemavyo kila siku, shikamoo. Lakini neno "ng'ambo" hapa kisiwani sote twajua linapoelekea. Na nikwambie, mashine hiyo ingefaa zaidi iwekwe Mokowe, maana ndiko mtu anakoshuka basi na simu imekufa, na boti inaondoka.

Kijana_Mkunguni
Mokowe mna stima gani ya kuendesha mashine?

Mokowe_Kwetu
Ile ile yenu! Waya ni mmoja, unatoka Rabai, Malindi, Garsen hadi huku. Ikipotea kwetu inapotea kwenu.

Kijana_Mkunguni
Kwetu inarudi haraka.

Mokowe_Kwetu
Inarudi haraka kwenye hoteli zenye jenereta. Wewe unaishi hotelini?

Nahodha_Shela
Jamani jamani. Swali lilikuwa mashine. Mbona tumefika kwenye jenereta? Tena mimi nimeuliza kwa ajili ya watu walio chomboni usiku, si kwa ajili ya Mokowe na Mkunguni.

Bahari_Njema
Nahodha nakuunga mkono, mimi natoka Ndau. Niseme lililonikaa. Tunaenda na pawabenki, na pawabenki hizi za barabarani zimeandikwa elfu ishirini, zinachaji simu mara moja na nusu zimekwisha. Mashine ikinipa pawabenki iliyopimwa, mimi nitalipa. Ila sitaki kutoa yangu nzuri nikapewa mbovu ya mtu. Hilo nani atanihakikishia?

FundiWaLangoni
Mwenye swali la akili amepatikana. Betri ya lithiamu inachoka kwa kutumika, inachoka kwa joto, na inachoka ikikaa imejaa kabisa kwenye joto. Sasa fikiria kabati la chuma, jua la saa saba mchana, joto la Pwani, betri zote ndani zimejaa asilimia mia zinasubiri wateja. Hiyo ndiyo njia ya kuua betri. Kwa hiyo unaleta yako iliyotunzwa, unapewa iliyookwa. Simu nyingi za miaka iliyopita zilitengenezwa zibakize asilimia themanini baada ya kujazwa mara mia tano hivi. Kwenye joto la namna hiyo hazifiki huko.

Na chumvi je? Mimi hapa dukani, mbali na maji, kila nikifungua simu ya mvuvi nakuta miguu ya shaba imeota ukijani. Nachukua mswaki wa zamani na spiriti, nasugua hadi shaba inang'aa ndipo naweka betri. Hiyo mashine ina miguu mingi ya chuma ya kushikana na kila betri. Mswaki ataupiga nani?

Kijana_Mkunguni
Sasa unatisha watu ili duka lako lisife. Sema wazi unaogopa kukosa wateja.

FundiWaLangoni
Ndiyo naogopa. Nina watoto. Kuna ubaya gani kusema? Lakini kutu niliyoitaja ni ya kweli, haikuletwa na woga wangu. Jibu kutu.

Mwanafunzi_Mombasa
Kabati linaweza kupozwa kwa feni, na betri zinaweza kukaa nusu hadi mteja akaribie kuja. Wenzetu hupanga hivyo kwa programu.

BintiAmu
Ni kweli inawezekana. Na mashine nzuri husoma betri yenyewe: ile miguu ya katikati, zaidi ya chanya na hasi, mmoja hupeleka habari ya joto. Ikiona joto limezidi inaikataa. Lakini swali la Bahari_Njema ni la umiliki. Leo betri ni yako. Ukishaitia kwenye kabati, ni ya nani? Marekani kuna kampuni ya FuelRod, wameweka makabati ya kubadilisha vijiti vya chaja kwenye bustani za Disney. Watu walinunua kijiti wakijua kubadilisha ni bure, kisha mwaka 2019 ikatangazwa kila badiliko litalipiwa dola tatu, kesi ikafika mahakamani. Hapa kwetu nani ataenda mahakamani kwa ajili ya betri? Bei ya kwanza itakuwa kumi. Ya mwaka wa pili siijui.

Mama_Kizingitini
Disney iko mbali mwanangu. Mimi nataka kujua ile betri iliyovimba inakwenda wapi. Kwetu watoto wanaiokota jaani wanaipasua kwa jiwe, wanapenda ile karatasi ya fedha iliyo ndani. Jirani yangu mtoto wake aliungua vidole. Na sisi nyumba zetu ni makuti.

Nahodha_Shela
Hili ni zito, Mama. Fundi, wewe zako unazipeleka wapi?

FundiWaLangoni
Nina debe la mchanga mkavu nyuma ya duka. Betri iliyovimba naibandika utepe miguuni isigusane na nyingine, naifukia. Debe likijaa sina pa kulipeleka. Nimeuliza ofisini, nikaambiwa nisubiri. Nasubiri hadi leo na debe la pili limejaa.

Mzee_wa_Mkomani
Na likishika moto? Gari la zimamoto litapita wapi kichochoroni?

FundiWaLangoni
Ndiyo maana ni mchanga, Mzee wangu, na ndiyo maana debe liko nje.

Kijana_Mkunguni
Kumbe duka lako ndilo ghala la mabomu, halafu unaogopa mashine.

FundiWaLangoni
Hayo mabomu ni betri zenu nyinyi! Hata yako imo ndani! Ningezitupa baharini kama wenzangu, duka langu lingekuwa safi na nyinyi mngekula samaki wake. Mwenye kuhifadhi uchafu wa watu ndiye anatukanwa.

Bahari_Njema
Fundi, mimi nakushukuru. Wanaotupa majini nawaona. Betri zinakuja na nyavu.

BintiAmu
Kijana, hapo umemkosea. Mtu pekee mji mzima anayetenga betri mbovu ni huyu unayemsema. Na hapa ndipo mashine ingeweza kunishawishi, maana kila betri iliyokufa itakuwa imerudi mahali pamoja, imepimwa, imejulikana. Kenya ina sheria ya taka ya 2022, inamtaka anayeingiza bidhaa sokoni abebe na mzigo wa taka yake. Basi mwekezaji akija, tumwambie betri mbovu zinaondoka na boti lake, pamoja na madebe ya Fundi. Asipokubali, arudi na kabati lake.

Mwanafunzi_Mombasa
Hilo ni sharti gumu kwa mtu anayeanza.

Mama_Kizingitini
Gumu kuliko vidole vya mtoto?

Mokowe_Kwetu
Na boti hilo litashukia Mokowe. Kwa hiyo taka yenu yote inakuja kwetu. Mmeanza tena.

BintiAmu
La hasha, isishuke ikakaa. Iandikwe kwenye mkataba inapita tu hadi kiwandani, na nyinyi Mokowe muwe na mtu wenu anayehesabu kilichoteremka na kilichopakiwa.

Mokowe_Kwetu
Huyo mtu alipwe.

Nahodha_Shela
Alipwe. Na Fundi je, ukipewa kazi ya kulitunza hilo kabati, kusugua kutu na kukataa mbovu, utakubali?

Kijana_Mkunguni
Mwampa mashine yule yule tuliyemlalamikia!

FundiWaLangoni
Sijakubali. Kwanza nionyeshwe betri zao. Waje nazo dukani wakati wowote baada ya Asri, mizani iko mezani. Na wewe Kijana njoo na hiyo simu yako iliyovimba, niifungue mbele ya watu tuone betri iliyomo imetoka duka gani.

Kijana_Mkunguni
Nakuja.

Mama_Kizingitini
Fundi, na simu ya mwanangu uulize kwa mwenzako, ni ya bluu, ina ufa kwenye kona.