Wana wa Bi Mkubwa (Tanga na Kwingineko)

ALHAMISI

Mama Shadya 19:02
Assalaam alaykum wana wa nyumba. Mwana karuhusiwa hospitali, yeye na kichanga wanatoka Jumamosi asubuhi inshallah. Mtoto kilo mbili na robo, ananyonya vizuri. Sasa suala ni KITI CHA GARI, na kiwe kile cha kumlaza chali. Kila mtu aseme lake leo, si kesho.

Mama Shadya 19:40
Naona tiki za buluu kumi na moja. Mikono hamna?

Baba Ima 19:44
Alhamdulillah. Hongera Shemeji Hamisi 🎉🎉

Mjomba Kombo 19:51
📷 [waridi, "Jioni Njema Wenye Moyo Safi"]

Mama Shadya 19:52
Shikamoo mjomba. Ahsante kwa waridi. Kiti?

Mjomba Kombo 19:58
Marahaba. Kiti cha nini? Kwani mama yake hana mapaja?

Baba Ima 20:01
Upanga mpaka Mbagala dada, foleni mtindo mmoja. Gari halifikii mwendo wa bajaji 😂

Mama Shadya 20:03
Foleni ndiyo inayonitisha. Na baada ya hapo kuna Tanga, kilomita mia tatu hamsini na ushei. Mwana anataka uzazi akamalizie kwa Bibi. Hamisi, gari lako lina nafasi nyuma?

Mama Shadya 20:30
Hamisi?

Hamisi 22:47
👍🏾

Mama Shadya 22:48
Hiyo dole gumba ni ndiyo, au umeigusa kwa bahati mbaya?

Zulfa (Leicester) 23:56
Shikamooni, nilikuwa zamu. Hongereni sana. Da Mkubwa, kiti cha kulala si lazima kwa kila kichanga, ila kwa huyu una hoja. Kazaliwa wiki ya 35, shingo bado haijakaza. Akikalishwa wima kidevu kinaangukia kifuani, njia ya hewa inabanwa. Na usitegemee atalia, ananyamaza tu ukadhani kalala. Mwaka 2016 watafiti wa Bristol, huku Uingereza, waliwaweka vichanga kwenye kiti cha kawaida kilichoinamishwa nyuzi 40 na kutikiswa kama gari. Oksijeni ikawa chini kuliko walipolazwa, na moyo unakwenda mbio. Kwa nusu saa tu. Ndiyo maana huku wadogo kama huyu tunawaambia wazazi nusu saa, kisha simama, mtoe, mnyooshe.

Zulfa (Leicester) 23:59
Ila msije mkanielewa vibaya. Gari likigonga, kile cha kawaida cha kutazama nyuma ndicho kinachokinga zaidi. Cha kulala kinakishinda kwenye pumzi. Kwa hiyo muulizeni daktari kabla hawajatoka, ikiwezekana wamweke humo kitini wodini wamwangalie oksijeni. Na kiti cha kutazama nyuma hakikai siti ya mbele penye eabegi (mfuko wa hewa). ABADAN.

IJUMAA

Mjomba Kombo 06:10
📷 [msikiti wakati wa alfajiri, "Ijumaa Kareem"]

Mama Shadya 06:31
Mmesoma ya Zulfa? Nimepiga hesabu, tukitoa elfu ishirini ishirini kwa kila nyumba tunapata kiti na chenji inabaki. Tuma kwenye namba yangu ile ile.

Baba Ima 06:40
Ile ile ya mchango wa tangi? 😅

Mama Shadya 06:41
Unaanza.

Baba Ima 06:42
Nauliza tu dada. Kiti kisije kikawa tangi.

Mama Shadya 06:44
Risiti ya tangi niliituma hapa hapa kwenye kikundi!

Baba Ima 06:45
Uliyotuma ilikuwa ya mfuniko.

Mjomba Kombo 06:50
Mfuniko tuliuona. Mzuri sana ule mfuniko.

Mama Shadya 06:51
Ujumbe huu umefutwa

Mama Shadya 07:15
Basi hela msinitumie mimi. Tumeni kwa Zulfa, kwa nani, sijui. Lakini kiti kipatikane leo.

Baba Ima 11:20
📷 Nipo Kariakoo. Hiki elfu 85, anapunguza. Kinalala chali kabisa, kina mpaka chandarua

Zulfa (Leicester) 11:34
Kaka hicho ni kikapu cha kigari cha kusukuma. Hakina pa kupitishia mkanda wa gari. Mkifunga breki kinaruka naye. Tafuta kibandiko cha rangi ya machungwa au cheupe chenye herufi E ndani ya duara. Karibu yake iwe imeandikwa R129, ndiyo kanuni mpya ya viti vya watoto. Ikiwa 44 ni kanuni ya zamani, Ulaya wameacha kuviuza tangu Septemba 2024, si kwamba kinaua, ila kipya ni bora.

Mjomba Kombo 11:40
Sisi tulitoka hospitali ya Bombo na kapu la machungwa ya Muheza, na huyo Baba Ima ndani yake

Baba Ima 11:41
Ndiyo maana kichwa kimekaa hivi 😂😂

Shani 11:41
😂😂😂😂

Mama Shadya 11:43
Shani umefufuka kwa ajili ya machungwa tu. Elfu ishirini yako iko wapi?

Baba Ima 13:05
📷📷 Shaurimoyo, kwa wauza spea. Aprica, mali ya Japani yenyewe! Unakilaza kinakuwa kitanda. Duara lipo, E43

Zulfa (Leicester) 13:20
E43 ni Japani, sawa. Na hao wanavitengeneza kweli vya kitanda, mtoto analala kwa ubavu wa gari. Lakini kimetoka kwenye gari gani?

Baba Ima 13:22
Jamaa kaapa halijapata ajali

Zulfa (Leicester) 13:23
Kuza picha ya pili. Hiyo Noah nyuma yake bonneti iko wapi?

Baba Ima 13:31
...

Zulfa (Leicester) 13:32
Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililogongwa hakichukuliwi hata bure. Ufa wa plastiki unakaa chini ya kitambaa, huuoni. Na kitabu cha maelezo hakuna, mto wa ndani wa kichanga hakuna.

Mjomba Kombo 13:50
Mtoto mmoja, mambo elfu. Mama yake atampakata vizuri, mwendo wa pole, dereva mwenye akili. Huyu ni mdogo wako Zulfa, usitutishe.

Mwanaidi (simu ya Bibi) 14:38
🎤 0:41

Mwanaidi (simu ya Bibi) 14:40
Kwa wasioweza kusikiliza, Bibi anasema: "Kombo, mimi nilimpakata. Pale Segera nilimpakata mimi, kwa mikono yangu hii miwili. Mtoto huyu hapakatwi garini. Na Tanga haji mpaka arobaini itimie, hata mlete kitanda cha dhahabu. Mwana nitamfuata mimi huko huko."

Mjomba Kombo 15:22
Nimesikia mama. Nisamehe.

Mama Shadya 16:05
Tumesikia Bibi. Shikamoo.

Mama Tariq 17:48
Samahani kuchelewa. Mimi ninacho cha kulala, tulikileta mpya kutoka Dubai kwa ajili ya Tariq. Hakijawahi kugongwa na kitabu chake kipo. R129, sentimita 40 mpaka 70. Kinakaa kwa ubavu siti ya nyuma, kinakula nafasi ya watu wawili. Nipo Mikocheni, kije kuchukuliwa. Ikiwa Mwana atakubali kupokea kitu kutoka kwangu.

Shani 17:49
👀

Mama Shadya 17:55
Wifi Mungu akubariki. Mwana nitaongea naye mimi.

Zulfa (Leicester) 18:10
Hicho hicho. Kichwa kielekee katikati ya gari, si upande wa mlango. Mikanda ya mtoto ifungwe kwanza, khanga juu yake. Msimvingirishe halafu mkafunga, mkanda unabaki unacheza. Na Mwana akae nyuma anamwona uso.

Mama Shadya 18:12
Hamisi umesoma? Gari lako asubuhi saa mbili, sawa?

Hamisi 19:37
Gari lipo gereji shem. Tangu Jumanne

Mama Shadya 19:37
TANGU JUMANNE

Baba Ima 19:40
Nitaleta Noah yangu, msijali

Mama Shadya 19:41
Mama Tariq, kiti kinafungwa kwa nini?

Mama Tariq 19:52
Mikanda miwili ya gari. Lakini kitabu kinasema iwe ya kupita begani, ya kiunoni tu haifai

Mama Shadya 19:53
Baba Ima, mikanda ya siti za nyuma kwenye Noah ni ya begani yote, au ule wa kati ni wa kiunoni?

Baba Ima 20:10
Sikumbuki vizuri

Mama Shadya 20:10
Nenda kaangalie sasa hivi

Baba Ima 20:14
Giza dada, umeme umekatika

Mama Shadya 20:14
Simu unayochatia ina tochi