Harusi ya Shangazi kwenye flashi

Ijumaa

Dogo Nyegezi: Shikamooni wakubwa. Ile DVD ya harusi ya Shangazi, ya 2008, nimeipata kwa Bibi. Ilikuwa chini ya kitambaa cha redio, haina hata kava. Naihamishia kwenye kompyuta ili kila nyumba ipate nakala.

Shangazi Nansio: Marahaba baba. Nirushie hapahapa sasa hivi, watoto waone mama yao alikuwa na kiuno 😂

Dogo Nyegezi: Haipiti Shangazi. Ndani kuna folda ya VIDEO_TS, video imekatwa vipande vya GB 1 mojamoja, jumla GB 4.3. WhatsApp mwisho wake GB 2, tena kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida inaibana mpaka sura zinakuwa uji.

Ba'mdogo Kirumba: Mwadila wote. Mimi niliwahi kuigeuza yote kuwa faili moja, flashi ikagoma kuipokea. Flashi ya GB 16! Nilirudi dukani nikamwita yule kijana tapeli mbele ya wateja.

Dogo Nyegezi: Ba'mdogo 🙈 flashi ilikuwa nzima. Nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32, hazipokei faili moja linalozidi GB 4.

Ba'mdogo Kirumba: Duh. Basi nilimwonea mtoto wa watu.

Dogo Nyegezi: Ndiyo maana naipitisha HandBrake, programu ya bure ya kubana video. DVD inabanwa kwa MPEG-2, mtindo wa miaka ya 90. H.264, mtindo mpya kuliko huo, inabana zaidi na jicho lisione tofauti. Ubora nimeweka RF 20. Hiyo namba inakwenda kinyume: ukiishusha picha inakuwa safi zaidi na faili linanenepa.

Mama Pili Igoma: Pili anasema H.265 inatoa faili dogo kuliko H.264, kwa nini usiitumie?

Dogo Nyegezi: Kweli Ma'mkubwa, ila runinga ya Bibi haiisomi, na kompyuta yangu hii kuukuu itakesha siku mbili.

*Saa 3:40 usiku*

Dogo Nyegezi: Umeme umekata. Ilikuwa asilimia 91. Betri ya kompyuta ilishakufa siku nyingi 😭

Shangazi Nansio: Si utupe hiyo 91 tuanze kuangalia?

Dogo Nyegezi: Faili lipo lakini halifunguki. Nilikuwa nahifadhi kwa aina ya faili inayoitwa MP4, na humo orodha ya nini kiko wapi inaandikwa mwishoni kabisa, bila hiyo simu haijui ianzie wapi. Narudia kwa aina nyingine, MKV, hiyo hata ikikatika njiani kilichoandikwa kinachezeka. Baadaye kuiweka kwenye MP4 ni kubadili mfuko tu, haibanwi upya.

Jumamosi

Dogo Nyegezi: Mwangaluka. Oneni hii 📷

Mama Pili Igoma: Mbona wacheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, wamechanika?

Dogo Nyegezi: Hapo jembe limerushwa juu. Mpini umeota meno kama kitana! Kamera ile ilichukua picha nusunusu: mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, sehemu ya hamsini ya sekunde baadaye ndiyo wa pili, wa nne. Jembe limeshasogea, nusu mbili hazikutani. Kwenye TV ya chogo hukuona kitu. Waliokaa kwenye viti wako safi, wanaocheza tu ndio wameharibika. Nimewasha kichujio cha kuondoa mistari, narudia.

Ba'mdogo Kirumba: Mara ya tatu hiyo. Pole mwanangu.

Dogo Nyegezi: Shida kubwa si hiyo. Nasaha za Babu zinaganda. "Mwanangu, nyumba ni..." halafu kimya.

Shangazi Nansio: Hapana jamani. Hapo hapana. Sauti ya baba hatuna mahali pengine.

Mama Pili Igoma: Ipake dawa ya meno, inatoa mikwaruzo.

Dogo Nyegezi: Ma'mkubwa tuanze na maji kwanza, dawa ya meno nayo inakwaruza. DVD inasomwa kuanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa harusi uko ukingoni, ndiko vidole vinashika. Naipangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kunyoosha nje. Si kuzungusha kama unaosha sahani.

Dogo Nyegezi: Bado inaganda. Ba'mdogo ile kompyuta yako ya mezani ina sehemu ya DVD? Wakati mwingine lenzi moja inashindwa, nyingine inasoma.

Ba'mdogo Kirumba: Ipo, ina vumbi tu. Njoo.

*Saa 12:15 jioni*

Ba'mdogo Kirumba: IMESOMA. Imekoroma kama nusu saa lakini imesoma. Tumeikopi yote kwenye diski ya kompyuta, DVD haiguswi tena.

Shangazi Nansio: 🙏🏾🙏🏾🙏🏾

Jumapili

Dogo Nyegezi: Tayari. Saa mbili za harusi, GB 1.1. Shangazi bando lako usilimalize, flashi inakuja na meli ya kesho. Bibi ameshaangalia kwenye runinga.

Shangazi Nansio: Amesema nini alipomwona baba?

Dogo Nyegezi: Alinyamaza. Kisha akaniambia nirudishe nyuma, nikajua anataka nasaha tena. Kumbe anataka dakika ya 43. Anauliza huyo mama wa kitenge cha njano aliyebeba sufuria lake kubwa ni nani, maana halikurudi tangu siku hiyo.

Ba'mdogo Kirumba: 😂😂😂 Kicheze polepole.

Shangazi Nansio: Wifi, kitenge cha njano si ulikuwa nacho wewe?

Mama Pili Igoma: Nilidhani ni la kukodi.