Dada kababuka ngozi kwa dawa: TMDA (mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba), Baraza la Madaktari, mahakamani, au tusaini yaishe?

kiboriloni_juu: Wadau, shikamooni wakubwa. Mdogo wangu alikwenda kutibiwa U.T.I. kwenye hospitali moja hapa Moshi, akaandikiwa vidonge vya salfa. Siku ya nane malengelenge mdomoni, macho mekundu, kisha ngozi ikaanza kubanduka kama kamwagiwa uji wa moto. Hospitali ya rufaa wakasema ni Stevens-Johnson, yaani mwili kuikataa dawa vibaya mpaka ngozi inababuka. Kalala wodini wiki tatu, na jicho la kushoto mpaka leo haoni vizuri. Kinachoniuma ni kwamba daftari lake la matibabu limeandikwa kwa wino mwekundu: MZIO WA SALFA. Sasa waliomwandikia wanasema bili wataifuta, ila tusaini kwamba hatuna madai. Tushike njia ipi?

ngarenaro_boy: Kamata kampuni ya dawa! Marekani mwaka 2007 Merck walikubali kutoa dola bilioni 4.85 kwa sababu ya dawa yao ya maumivu, Vioxx.

wakili_mchovu: Mdogo wangu, kule hoja ilikuwa kwamba kampuni ilijua hatari ya moyo na haikuwaonya watu ipasavyo. Hatari ya salfa kwenye ngozi imeandikwa kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi. Watakutolea hicho kikaratasi, mtarudi nyumbani.

Wa kumkabili ni aliyeandika dawa bila kufungua daftari. Angekuwa hana mzio unaojulikana, ningekwambia pole, ni maudhi ya dawa. Ila wino mwekundu unageuza habari yote, huo ni uzembe. Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumwadhibu, hata kumfutia usajili, lakini fidia halitoi. Fidia ni mahakamani, na huko lazima uonyeshe kuwa uzembe huo ndio uliomdhuru. Maana yake upate daktari mwingine aje kumsema mwenzake mbele ya hakimu. Hapo ndipo kesi nyingi hizi hufia. Muda ni miaka 3. Kama hospitali ni ya serikali, anza na notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye aunganishwe.

mfamasia_usa_river: TMDA msiiruke. Hawatampa dada senti, ila fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ikijazwa, tukio linabaki kwenye kumbukumbu za serikali. Wakiwazungusha hospitalini, ofisi ya kanda iko Arusha. Vidonge vilivyobaki msitupe, wala pakiti yenye namba ya toleo. Ikitokea dawa yenyewe ilikuwa mbovu au bandia, hapo sasa kampuni na aliyeiuza wanaingia.

mama_njoro: Mimi ningesaini jamani. Kesi ya marehemu mume wangu (ya shamba, si ya dawa) ilikula miaka minne na ng'ombe wawili. Mgonjwa anahitaji uji, hahitaji tarehe za kesi.

wakili_mchovu: Mama, sikupingi. Kusaini si dhambi, ila si kwa bili tupu. Bili ni ya wiki tatu, jicho ni la maisha. Kwanza apimwe na daktari wa macho, ripoti iandikwe. Kisha hospitali ipelekewe notisi ya madai yenye kiasi. Wengi wakishaiona hukaa mezani, na hapo ndipo pa kusaini. Hela ya wakili ikiwa tatizo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Hapo hapo Moshi waoneni KWIECO, shirika linalotoa msaada wa kisheria.

kiboriloni_juu: Asanteni sana. Jumatatu naenda kuomba nakala za jalada. Na daftari nitalidai, maana tulipoenda kulalamika walibaki nalo.

wakili_mchovu: Walibaki nalo?? Nenda kesho asubuhi. Barua nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea.

kiboriloni_juu: Mama anasema aliupiga picha ule ukurasa siku ile ya kwanza, iko kwenye simu yake. Tarehe inaonekana.

mfamasia_usa_river: Mwambie asibadilishe simu.